Darasa lilipokubaliana haraka mno

Dakika 20. Ndo muda waliotumia kumaliza ugomvi wa mto Nile. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kabisa kujaribu kufundisha mambo ya dunia kwa kuigiza diplomasia, nilikuwa nimetenga vipindi viwili mfululizo, viti nimevipanga mduara, kila timu ina kadi ngumu yenye jina la nchi, Ethiopia, Misri, Sudan, Uganda na wengine, nikawaambia haya waheshimiwa wajumbe, huko juu linajengwa bwawa, huku chini watu wanaogopa kiu, kubalianeni. Na kweli wakakubaliana. Ethiopia ikasema itajaza bwawa polepole, Misri ikasema asanteni ndugu zetu, Sudan ikapendekeza kamati ya pamoja, azimio likaandikwa aya tatu, mikono yote juu, watoto wakapiga makofi na mimi nikapiga makofi pamoja nao.

Usiku nasahihisha karatasi zao ndo nikaona nilichofanya. Niliwauliza swali moja tu, kwa nini nchi zenyewe zimeshindwa kukubaliana miaka yote hii wakati nyinyi mmeweza ndani ya kipindi kimoja? Karibu wote waliandika kitu kile kile, viongozi ni wabinafsi, wangekuwa na upendo wangemaliza. Nilikaa na zile karatasi muda mrefu sana. Watoto wangu walitoka darasani wakiwa wanajua kidogo kuliko walivyoingia, maana sasa walikuwa na uhakika kwamba matatizo ya dunia ni mepesi na anayeshindwa kuyatatua ni mjinga au mtu mbaya.

Kosa lilikuwa langu. Niliwapa majina ya nchi lakini nchi zenyewe sikuwapa. Wao walifanya kile ambacho mtoto aliyelelewa vizuri anafanya akiambiwa gawaneni, walijigawia. Misri yao haikuwa na jangwa, Ethiopia yao haikuwa na watu wanaokaa gizani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mtu nyumbani wa kumuuliza umeenda kutuuzia nini huko.

Muhula uliofuata nikarudia mto ule ule na darasa lingine ila safari hii kila timu ilipata bahasha. Ndani karatasi moja, nusu ukurasa, nikaiita maagizo kutoka nyumbani. Iliandikwa jambo moja ambalo hauruhusiwi kulikubali kwa hali yoyote, mawili ambayo unaweza kuachia kama ukipewa kitu cha maana, halafu nani anakuangalia, yaani wakulima, jeshi, bunge, magazeti. Bahasha ya mwenzako huijui na yako haonyeshwi mtu. Na wiki nzima kabla ya hapo hakuna kuongea, ni kusoma tu.

Kijana aliyepata Misri alinifuata mlangoni amenuna. Mwalimu mbona mi nimepewa wabaya? Sikubishana naye, nikamwambia nenda katafute nchi yako inapata mvua kiasi gani, kisha uangalie watu wake wanakaa wapi, ukimaliza uje uniambie nani mbaya. Alirudi baada ya siku tatu mtu mwingine kabisa. Alikuwa ameona ile ramani, nchi kubwa lakini watu karibu wote wamebanana kwenye utepe mwembamba wa kijani kandokando ya mto, kwingine mchanga. Siku ya kikao nilimwona ameandika namba kwa kalamu kwenye kiganja cha mkono, 55.5. Hiyo ni mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, mgao ambao Misri ilijiandikia kwenye mkataba wa 1959 na Sudan, na Sudan ikapata 18.5.

Basi akasimama akasema mjumbe wa Misri anawakumbusha wajumbe kuna mkataba. Binti aliyekuwa Ethiopia akaomba nafasi, akasema kwa utulivu kabisa, mjumbe wa Ethiopia anauliza, mkataba huo wa 1959 nchi yangu iliitwa? Maana zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayofika kwenu yanatoka kwenye milima yangu, na mamilioni ya watu wangu hawana umeme, mtoto wangu anasomea kibatari, sasa nyie mligawana maji yangu mkiwa wawili. Darasa kimya. Yule kijana akaangalia kiganja chake, wino umeshaanza kuchuruzika kwa jasho, namba karibu haisomeki. Akasema mjumbe wa Misri anaomba dakika tano. Nikampa.

Hawakukubaliana siku hiyo. Vipindi viwili vyote, na mwisho walichoweza kuandika ni kwamba watapeana takwimu za maji na watakutana tena. Wengine walisikitika, wakaona wamefeli. Lakini karatasi za safari hii zilikuwa ndefu na wengi walianza na "inategemea". Yule kijana aliandika kwamba angekuwa yeye ndo waziri wa Misri angeogopa kurudi nyumbani. Na ukiangalia wakubwa wenyewe, ujenzi wa lile bwawa la Ethiopia ulianza 2011, wakasaini tamko la misingi pale Khartoum 2015, bwawa limezinduliwa Septemba 2025 na mpaka linazinduliwa mkataba unaowabana juu ya namna ya kuliendesha ulikuwa haujapatikana. Watoto walikuwa wamefika karibu na ukweli kuliko nilivyotegemea.

Toka hapo nikaanzisha klabu, baada ya masomo, watoto wa miaka 14 hadi 17. Ni ule Umoja wa Mataifa wa kuigiza ambao shule nyingi duniani wanafanya, wenyewe wanaita MUN. Kuna kanuni moja ambayo mwanzoni niliiona ya kujionyesha tu, ile ya kutosema "mimi" bali "mjumbe wa nchi fulani anaona hivi". Niliwaruhusu waiache nikijua nawarahisishia. Wiki mbili tu ugomvi wa meza ya mkutano ukahamia uwanjani, fulani hasalimiani na fulani kwa sababu alimwita mwongo kwenye kikao cha wakimbizi. Nikairudisha haraka. Ukisema "mjumbe wa Urusi amepotosha" unapiga kiti, ukisema "we muongo" umempiga mtu, na mtoto wa miaka 15 akipigwa mbele ya wenzake hasikii tena chochote utakachomfundisha siku hiyo.

Kitu kingine kilichonichukua muda kukielewa ni zile kelele. Kwenye vikao kuna mapumziko ya mashauriano, watu wanainuka, wanajikusanya vikundi, wanavutana mashati, na mwalimu aliyezoea darasa la nidhamu kama mimi nilikuwa nakata yale mapumziko mapema ili turudi kwenye hotuba. Kumbe hotuba ndo sehemu dhaifu. Siku moja nikajisogeza karibu na watatu waliokuwa wameinamia karatasi moja pembeni ya dirisha, rasimu ya azimio la uvuvi, na nikakaa kimya nikasikiliza. Walikuwa wanabishania neno moja. Mmoja anataka iandikwe nchi wanachama "zitahakikisha", mwingine anasema nchi yangu haina boti za kulinda bahari yote ile, nitahakikisha na nini, andika "zitajitahidi". Wa tatu anasema ukiandika zitajitahidi hakuna atakayefanya. Dakika 11 nimezihesabu. Wakatoka na "zitahakikisha, kwa msaada wa nchi zenye uwezo", halafu wakaanza kutembea meza hadi meza kutafuta nchi yenye uwezo itakayokubali kuandikwa hapo. Mi nafundisha uraia miaka mingi na sijawahi kuandika ubaoni kitu kinachoeleza siasa za dunia kama wale watatu dirishani.

Ugawaji wa nchi nao ulinisumbua. Mwanzoni nilikuwa nawapa waongeaji hodari nchi kubwa, Marekani, China, Ufaransa, ili kikao kichangamke, na wale wengine wanabaki na nchi ndogo ndogo wanakaa wakisubiri kura. Kumbe nilikuwa narudia dunia jinsi ilivyo bila hata kuwaambia kwamba ndivyo ilivyo. Kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nchi zote 193 zina kura moja moja, India yenye watu zaidi ya bilioni kura moja, Tuvalu yenye watu kama elfu 11 kura moja, na mtoto aliyepewa Tuvalu anatakiwa ajue kwamba hiyo kura ndo silaha yake na inabidi atafute visiwa wenzake mapema kabla kikao hakijaanza. Visiwa vidogo ndivyo vilivyong'ang'ania ile nyuzi 1.5, kikomo cha joto la dunia kuongezeka, mpaka ikaandikwa kwenye Mkataba wa Paris wa 2015 wa tabianchi. Basi nikaacha kuchagua, nikaweka majina kwenye kopo, kila mtu achomoe. Haki sawa kwa wote. Niliona nimemaliza hilo tatizo, nitalirudia kopo hili.

Veto, yaani kura ya kuzuia, waliipenda na kuichukia haraka sana. Baraza la Usalama lina wajumbe 15, watano wa kudumu, Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, ili jambo lipite unahitaji kura 9 na asiwepo hata mmoja wa wale watano anayelikataa. Niliwaeleza kwa habari ya 1981, Salim Ahmed Salim wa Tanzania alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa akipambana na Kurt Waldheim aliyekuwa anakikalia kiti hicho, China inamzuia Waldheim, Marekani inamzuia Salim, raundi baada ya raundi, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Watoto walikasirika kweli. Kuanzia siku hiyo kila kitu kibaya duniani jibu lao likawa veto. Vita fulani haijaisha, veto. Njaa sehemu fulani, veto. Nikaona wamepata adui mmoja wa kumbebesha kila kitu, ni ile ile "viongozi ni wabinafsi" imevaa nguo nyingine, na nikataka kuwatoa hapo.

Ndo nikaandaa kikao cha Aprili 1994, Baraza la Usalama, ajenda Rwanda. Viti 15, wajumbe wale wale waliokuwepo mwaka ule, wale watano na pamoja nao Argentina, Brazil, Djibouti, Hispania, Jamhuri ya Czech, New Zealand, Nigeria, Oman, Pakistan na Rwanda yenyewe. Wengi walikuwa wanajua kwamba Rwanda kulitokea mauaji ya kimbari, lakini walichokuwa hawajui ni nini kilifanyika kwenye chumba kile. Niliwapa taarifa za wakati ule tu. Askari wa kulinda amani wapo kama 2,500. Tarehe 7 Aprili askari 10 wa Ubelgiji wameuawa, Ubelgiji inaondoa watu wake. Mauaji yanaendelea na yanasambaa. Mna njia tatu, ongezeni askari, punguzeni, au ondokeni.

Walianza vizuri, kila anayesimama anasema lazima tuongeze. Nikamnong'oneza mwenyekiti aulize swali moja, nchi gani italeta askari na wangapi. Akauliza. Nimeshasimamia vikao vingi lakini ukimya ule sijauona tena. Kila mmoja anafungua bahasha yake anasoma maagizo ya nyumbani. Marekani ilikuwa imetoka kupoteza askari Somalia miezi sita tu nyuma. Mmoja anasema nchi yangu iko mbali. Mwingine anasema tungependa tusikie kwanza wengine. Dakika 40 baadaye wale wale watoto walioanza na "lazima tuongeze" wakapiga kura ya kubakiza kikosi kidogo tu, na hakuna aliyekuwa amesema neno baya hata moja.

Nikawasomea kilichotokea kweli. Azimio namba 912, tarehe 21 Aprili 1994, kikosi kipunguzwe hadi kama watu 270. Binti mmoja akanyoosha mkono kabla sijamaliza, Mwalimu, nani alipiga veto? Nikamwambia hakuna. Akasema haiwezekani. Nikamwambia kura zilikuwa 15 kwa 0. Nikawaeleza pia kwamba mwezi uliofuata, tarehe 17 Mei, wakabadilika wakapitisha askari 5,500, kwa karatasi, maana askari wenyewe walichelewa kufika na ndani ya siku kama 100 watu zaidi ya laki nane wakawa wameuawa. Kengele ikalia. Nikasema tutaongea kesho, kusanyeni viti.

Hapo ndo nilipokosea kubaya zaidi. Kumbuka kopo. Kadi ya Rwanda ilikuwa imechomolewa na binti mmoja mpole, anayefanya kazi zake vizuri, na kiti kile mwaka 1994 kilikuwa cha mwakilishi wa ile ile serikali ambayo watu wake walikuwa wanaua. Nilijua hilo, tena ni moja ya sababu nilizokichagua kikao hiki, nilitaka watoto waone kwamba waliokuwa wanatuhumiwa walikuwa wamekaa mezani wakisikiliza kila kitu. Alisoma msimamo wa kiti chake vizuri, sauti haikutetemeka. Kesho yake asubuhi mama yake alikuja shuleni. Hakupaza sauti. Akasema, Mwalimu, nimekuja kukwambia tu, mwanangu jana alikuwa anasema maneno ya watu waliomuua babu yake.

Sikuwa na jibu na sikutafuta. Nilimwomba radhi mama, nikamwomba radhi binti, peke yake, bila kumpa maelezo ya kanuni za kuigiza wala kwamba ni kopo lilichagua. Kopo halijui kitu chochote kuhusu mtoto, mwalimu ndo anatakiwa ajue. Nilichoita haki sawa ilikuwa ni mimi kukwepa kazi ya kuuliza. Niliumia pia kwa sababu nilimwacha aende nyumbani na zile kauli zikiwa bado mdomoni mwake, kengele imelia, basi, kana kwamba mtu anaweza kuwa nchi ile kwa masaa mawili kisha akabeba begi akaondoka mzima.

Sasa mambo ni hivi. Wiki mbili kabla ya kikao chochote kila mwanafunzi ananiandikia kikaratasi, naweza kuwa nchi yoyote isipokuwa hii, au mada hii nisiwepo, na haulizwi sababu, vile vikaratasi nasoma mimi tu kisha nachana. Kwenye kikao cha 1994 kadi ya Rwanda inawekwa mezani, kiti kinabaki kitupu, na kauli zake nazisoma mimi mwenyewe nikiwa nimesimama nyuma ya kiti, sikai. Nikifika kwenye kura ya Mei ya kuiwekea Rwanda vikwazo vya silaha, 14 kwa 1, na ile moja ni Rwanda, nainua mkono wangu mimi.

Halafu kuna kuvua kadi. Dakika 25 za mwisho hazishikwi na mtu, hata kama azimio halijafika popote tunakata. Kila mmoja anaweka kadi yake kifudifudi katikati ya meza, anahama kiti, anaenda kukaa sehemu nyingine ya chumba, na akiongea lazima aanze na "mimi". Mwanzo wanacheka cheka, wengine wanakaa kimya muda. Mimi sikubaliani na kile nilichosema leo. Mimi nilikubaliana nacho na naogopa. Mimi nilijua kabisa kwamba nikisema nchi yangu italeta askari wengine watafuata, ila nilisubiri mwingine aanze. Hilo la mwisho nilisikia kwa kijana aliyekuwa Nigeria, na alilisema akiwa anaangalia sakafu. Walimu wenzangu wanaotaka kuanza hizi klabu huwa wananiomba zile bahasha, nawapa bila shida, lakini nawaomba wachukue na hizi dakika 25, na kama muda ni mdogo wakate hotuba.

Yule binti alihama klabu muhula mzima na sikumfuata. Mwaka uliofuata, wiki ya vikaratasi, nikakuta kimoja kimeandikwa kwa mwandiko wake. Naomba kuwa New Zealand kwenye kikao cha 1994. Nikamwita nikamuuliza kama ana uhakika, nikamwambia si lazima kabisa. Akasema amesoma. Amesoma kwamba New Zealand ndo ilikuwa mwenyekiti wa Baraza mwezi ule wa Aprili, na kwamba tarehe 30, siku ya mwisho ya uenyekiti wake, ilikuwa inasukuma tamko la Baraza liseme wazi kwamba ni mauaji ya kimbari, baadhi ya wajumbe hawakulitaka neno lenyewe kwa sababu kuna mkataba wa 1948 unaozitaka nchi kuzuia jambo hilo, na tamko likatoka na maelezo yote ya maana ya neno lile isipokuwa neno.

Siku hiyo nilikaa nyuma. Alikuwa na rasimu yake na kalamu ya risasi, na alizunguka meza moja moja wakati wa mashauriano. Meza ya kwanza wakamwambia tuandike "ukatili mkubwa". Akaandika pembeni, akasema mjumbe wa New Zealand amesikia, sasa naomba mniambie tofauti yake ni nini na hili neno. Meza ya pili hivyo hivyo. Kuna mjumbe alimwambia, ukiliweka itabidi tufanye kitu. Akamwangalia akasema, ndiyo.

Alipata kura 12. Mmoja wa wale watano alikataa kwa hiyo halikupita. Tulipovua kadi alikuja akakaa kiti cha karibu na dirisha, akasema, mimi babu yangu alikuwa mwalimu, na akaanza kutusimulia.